Nina mimba na kolaitisi, niache dawa?

Swali: Daktari shikamoo. Niko Kisauni, mimba ya miezi minne. Natibiwa kolaitisi, vile vidonda vya utumbo mpana, natumia mesalazini na dripu ya infliksimabu. Sahii sihari wala sioni damu chooni, lakini mavyaa ashikilia niache dawa zote mtoto asidhurike.

Jibu: Marahaba mwanangu. Dawa usiache. Kinachomtisha mtoto ni ugonjwa ukiamka, maana utumbo ukiwaka unaharisha damu, chakula hakikai, damu inapungua, na mtoto huko ndani anategemea mwili huohuo uliochoka, ndio wengine wanajifungua kabla ya wiki 37 ama mtoto anatoka chini ya kilo 2.5, na njiti shida zake ni kupumua, kunyonya, kushika joto. Mama ambae ugonjwa umetulia tangu kushika mimba, mara nyingi mtoto wake huzaliwa salama kama wa wengine. Mwambie mavyaa kwa adabu, hizo dawa ndizo zamlinda mjukuu wake.

Ya kuogopwa kweli ni methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, hiyo huachwa miezi kadhaa kabla ya kubeba mimba. Na mgongo ukiuma usikimbilie diklofenaki, yaweza kuamsha kolaitisi, meza paracetamoli.

Sasa hapa nisikize sana. Infliksimabu hushusha kinga ya mwili, nayo hupita kwenye kondo la nyuma, zaidi miezi ya mwisho, mtoto anazaliwa nayo kwenye damu na hukaa miezi. Na huku kwetu mtoto akizaliwa tu anadungwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkono wa kushoto na matone ya polio mdomoni, hata wodini hamjatoka, na zote mbili ni chanjo za vijidudu hai. BCG kwa mtoto wako ni hatari mapema hivyo, maana kinga yake ikiwa chini vile vijidudu vyaweza kumuuguza, isubiri angalau miezi 6, madaktari wengine husema 12. Matone ya polio na ya rota, yale ya kuzuia kuharisha, muulize kwanza daktari wa watoto. Zile zisizo hai, kama pentavalenti ya wiki 6, ile ya kukinga magonjwa matano, apewe kwa wakati wake. Andika kwa peni nyekundu mbele ya kitabu cha kliniki kwamba ulitumia infliksimabu na BCG isubiri, mwambie na bwanako, sababu siku ile wewe utakuwa hoi na nesi wa zamu hakujui.

Kunyonyesha nyonyesha, dawa zako hazikatazi. Kliniki ijayo mpange na daktari wako wa tumbo dripu ya mwisho iwe lini kabla ya kujifungua.