Wati za Risiva na Wati za Spika: Nilivyounguza Twita Mbili kwa Risiva Ndogo

Kwa miaka mingi niliamini jambo ambalo wengi wetu hapa Dar es Salaam tunaliamini: kwamba spika huungua pale tu inapounganishwa na risiva (mashine ya kukuza sauti na kuipeleka kwenye spika) yenye nguvu kuliko yenyewe, na kwamba mwenye risiva ndogo na spika kubwa hana la kuhofia. Kwa imani hiyo nilinunua Kariakoo spika mbili zilizoandikwa wati 100, nikaziunganisha na risiva ya wati 50 kwa kila chaneli, yaani kila njia ya spika, nikajiona nimejilinda.

Usiku wa sherehe ya kipaimara ya mpwa wangu, Tabata, tulizitoa spika hizo sebuleni tukaziweka uani. Uani hakuna kuta wala dari ya kurudisha sauti, kwa hiyo muziki uliozoea kujaa sebule ulisikika hafifu, na kila aliyepita karibu na risiva aliongeza sauti kidogo. Ilipofika saa tatu usiku, waimbaji walisikika kama wako nyuma ya pazia zito. Kesho yake fundi alipofungua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba zilizo ndani ya kila spika, tulikuta nyaya nyembamba za koili zimeungua na kukatika, zote mbili, ilhali spika za besi zilikuwa nzima kabisa.

Nilimuuliza fundi inawezekanaje wati 50 ziunguze spika ya wati 100, na maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyonunua vifaa hivi. Zile wati 100 si za twita. Ni za spika nzima inapopiga muziki wa kawaida, ambao sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika besi. Twita yenyewe hustahimili wati chache tu kwa mfululizo. Risiva ikiombwa nguvu kuliko inayoweza kutoa, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na wimbi lililokatwa namna hiyo huzaa masafa ya juu (sauti nyembamba) ambayo hayakuwemo katika muziki. Masafa hayo huelekezwa kwenye twita. Zaidi ya hapo, risiva ya wati 50 iliyolazimishwa kupita kiasi yaweza kutoa nguvu inayokaribia mara mbili ya hiyo iliyoandikwa. Kwa hiyo kinachounguza ni nguvu iliyozidi, lakini nguvu hiyo yaweza kutoka katika risiva ndogo inayoteswa kama inavyoweza kutoka katika kubwa iliyofunguliwa bila kiasi.

Afadhali pia kujua jinsi wati zinavyogeuka kuwa sauti, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Spika nyingi za nyumbani hutoa takriban desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, zikipimwa umbali wa mita 1. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Risiva ya wati 100 badala ya ile ya wati 80 haibadilishi chochote cha maana, hata muuzaji akisisitiza vipi. Spika yenye desibeli 90 badala ya 87 inakupa faida sawa na kuongeza wati maradufu, na ndiyo sababu siku hizi nauliza desibeli kabla ya kuuliza wati.

Kuhusu wati zenyewe, soma maandishi madogo. Neno PMPO lipuuze kabisa, kwa kuwa ni namba ya kuvutia mnunuzi. Tafuta RMS, yaani nguvu ya mfululizo, kisha uangalie imepimwaje: kipimo cha kuaminika hutaja chaneli 2 zikifanya kazi pamoja, masafa ya hezi 20 hadi 20,000, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), na upotofu mdogo wa sauti usiofika asilimia 1. Kile kinachotaja chaneli 1, kilohezi 1 na upotofu wa asilimia 10 hutoa namba kubwa kutoka katika mashine ileile. Tena kumbuka kwamba chaneli 5 hugawana transfoma moja, kwa hiyo zikihitaji nguvu nyingi kwa pamoja, kila moja hupata pungufu. Kwa spika iliyoandikwa kwamba inafaa wati 20 hadi 120, mimi ningechukua risiva yenye wati halisi 80 au 100, hata 150 endapo mwenye nyumba ana nidhamu ya kutozidisha sauti.

Omu nazo zisidharauliwe. Spika ya omu 4 huvuta mkondo maradufu ya spika ya omu 8, na spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye chaneli moja huwa omu 4. Risiva isiyoandikwa kwamba inamudu omu 4 itapata moto na kujizima, au kuharibika. Kwa joto la jiji letu la Januari na Februari, risiva iliyobanwa ndani ya kabati la televisheni ina mzigo tayari kabla hujaiwasha. Iachie nafasi ya wazi juu na pembeni.

Sabufa, spika ya besi pekee, yenye amplifaya (kikuza sauti) yake ndani ni msaada mkubwa kuliko wati za ziada. Katika menyu ya risiva niliweka masafa yote yaliyo chini ya hezi 80 yaende kwenye sabufa, na tangu hapo risiva imepumzishwa kazi nzito kuliko zote, ile ya besi, huku spika za mbele zikisikika safi zaidi.

Sauti ikianza kukwaruza au kuwa kali masikioni, punguza papo hapo, usisubiri wimbo uishe. Na kwa kuwa mwenye risiva hawezi kusimama mlangoni mwa sebule kila siku ya sherehe, risiva nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Yangu nimeiweka desibeli 10 chini ya sifuri ya kipimo cha sauti cha risiva yenyewe, na mpwa wangu ameshajaribu kuipandisha akashindwa.