Kutoa kwa kukopa kunamliza
Dada, umesema binti yako wa darasa la tatu anajumlisha vizuri, ila kutoa kwa kukopa kunamliza. Weka daftari pembeni kwanza. Mpe njiti: mafungu manne ya kumi kumi na njiti mbili, yaani 42, umwambie atoe 17. Ataona mwenyewe kwamba mbili hazitoshi, itabidi afungue fungu moja, zifike 12. Huko ndiko kukopa kwenyewe. Akizoea, ndipo aandike.

Akikosea usikimbilie kumsahihisha, muulize amefikaje hapo. Wengi hutoa tu ndogo kwenye kubwa, 7 kutoa 2, bila kujali ipi iko juu. Akichoka, acheni. Na tafadhali, usimwambie hata wewe hesabu zilikushinda!