Kahawa ya jioni na mimba ya miezi mitano

Swali: Shangazi, asubuhi nakunywa vikombe viwili vya chai ya rangi, jioni kahawa chungu. Mama mkwe anasema mtoto atatoka mweusi. Niache? – Mjamzito, Tanga

Jibu: Mwanangu, rangi ya mtoto haitoki kwenye buli. Shida ni kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye chai na kahawa: hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na ikizidi aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe cha chai kina kama 50 hadi 75, kwa hiyo jioni iwe finjani moja tu, tena si kila siku. Vidonge vya kuongeza damu je, unavimeza na hiyo chai? Wengi hufanya hivyo! Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo. Meza kwa maji, chai ingoje saa moja au mbili. Vinywaji vya kuongeza nguvu mwachie shemeji yako.