Kuhusu tezo ya babu yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Eti mhadhiri kawaambia darasani kwamba uchongaji wa Wakamba si wa Wakamba, uliokotwa kwa Wamakonde wakati wa vita. Nawe waniuliza: basi miaka yote hii tumekula kwa kuuza cha watu?

Habari ya vita ni kweli. Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Ukambani, alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi ya Wamakonde, akarudi nyumbani akachonga na kuwafunza wenzake. Babu yako alishika tezo, kile kishoka cha kuchongea, hukohuko Wamunyu, kisha akateremka Malindi kuwafuata watalii. Wala hakuna aliyeficha. Mbona hata watoto wa karakana wanaijua hadithi hiyo.

Mimi Wamunyu nilikwenda kwa mazishi tu. Nimekulia chini ya benchi ya babu yako, naokota vibanzi nachonga madau ya kuelea madimbwini. Siku moja, nina miaka minane hivi, nikatengeneza ubao mrefu wenye kichwa cha duara, nikaujaza pembetatu ndogondogo, kama vigango nilivyoviona Ganda, kwao jirani yetu Mgiriama. Nilijiona fundi! Babu yako akaugeuzageuza, akauliza, "Huyu ni mzee wa nani?" Sikuwa na jibu. Jioni akanishika mkono hadi kwa jirani, nikaomba radhi. Yule mzee alicheka sana, lakini ubao hakunirudishia.

Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na hakihamishwi hata watu wakihama. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikasikia vilivyong'olewa usiku vikauzwa Marekani. Huko ndiko kuuza cha watu, mwanangu. Babu yako yeye alifunzwa, akalipa kwa malengelenge.

Na hata mti wenyewe siku hizi ni mgeni. Mpingo umeadimika, mhuhu nao vivyo hivyo, twachonga mwarubaini uliotoka Bara Hindi. Vumbi lake chungu mpaka chai haina ladha, na ukiukausha haraka unapasuka mchana kweupe.

Tezo uliyoomba nimeipakia basi la usiku. Mpini ni mpya, ule wa zamani umeliwa na mchwa. Usipeleke kunolewa kwa mashine, tumia jiwe. Mama yako kaongeza maembe juu, yatoe mapema.

Baba yako