Ableton ama FL, na juu ya nini logidramu yangu inapotea mu nganda?

SWALI: Jambo yaya. Niko kijana wa Katuba, natengeneza amapiano na marafiki wawili, tunaimba mu Swahili. Natumia programu ya FL Studio ya kreki (ile haikulipiwa) mu ordinatere ya RAM 4. Mwenzangu mmoja anasema FL ni ya watoto, kama nataka muziki ya kweli niende ku Ableton. Tena mikisaje yangu inalia muzuri sana mu kaske (ya masikio), lakini tukiipiga mu telefone ama mu nganda (baa) besi, ile logidramu ya amapiano, inapotea, na sauti zetu zinakuwa kama ziko ndani ya pipa. Programu njo mubaya ama ni mimi? Na niko na dola 300 nimeweka, ninunue bafle za studio?

JIBU: Ni wewe, mdogo wangu, programu haina kosa. Usikasirike, ata mimi nilipoanza nilibadilisha programu tatu ndani ya mwaka moja na nyimbo zangu zilikuwa zinalia paka vilevile, kama debe, mpaka mzee mmoja wa sono, wale wa kufunga bafle ku ndoa, akaniambia kijana, shusha kwanza hiyo kiki, ile ngoma nzito ya chini, ndipo tuongee.

Hiyo ya FL kuwa ya watoto naisikia tangu zamani. Kweli ilianza kama kitu ya kuchezea, mwaka 1997 kule Ubelgiji (ndiyo, Babeleji walewale), ikiitwa FruityLoops na kazi yake ilikuwa kupanga ngoma tu. Lakini angalia hiyo muziki unayopiga. Ile logidramu ya amapiano ilitoka mu sintetizere (kifaa cha kutengeneza sauti) moja ndogo ya FL inaitwa Fruity DX10, kitu ya zamani yenye watu walikuwa wamesahau, vijana wa Afrika Kusini wakaichukua wakaishusha chini mpaka ikakuwa ngoma na besi kwa pamoja. Sasa mutu anakuambia upige amapiano lakini utoke ku FL, ni kama kukuambia upike bukari bila unga.

Ableton Live nayo ni nzuri sana, sitakudanganya. Ni ya Berlin, ilitoka 2001, na nguvu yake ni kupiga mbele ya watu, unavunja wimbo vipande vipande na kuunga palepale, unarudisha, unaongeza. Siku ukiitwa kupiga peke yako ku jukwaa na ordinatere, tutaongea tena. Kwa kukaa mu chumba na kutunga, hizi mbili sawa tu. Kuna na programu ya Reaper, faili yake ya kupakua haifiki ata megabaiti 100, inakupa siku 60 za kujaribu na leseni ya mutu wa kawaida ni dola 60, mimi njo natumia kwa kurekodi sauti juu haichoshi mashini. LMMS ni ya bure kabisa lakini hairekodi sauti, na nyinyi munaimba, basi iache. Na ukiniuliza nilichagua yangu namna gani nitakuambia bila haya: nilichagua ile yenye jirani yangu alikuwa anajua. Saa sita ya usiku umekwama, megabaiti zimeisha, nani atakusaidia? Paka ule wa nyumba ya pili.

Ile kreki itoe. Najua, najua, wote tulipita humo, lakini ordinatere moja ya studio yangu ilikufa na kazi za wateja ndani juu ya virusi yenye ilikuja na kreki, na sikulala siku mbili. FL iko na versio ya kujaribu ya bure, haina mwisho wa siku, inakupa karibu kila kitu, unaweza kutoa wimbo ku faili ya WAV, shida yake ni moja tu: projekti ukiisha kuifunga hauwezi kuifungua tena mpaka ulipe. Na ile ya bei ya chini kabisa, ile ya Fruity, usiikimbilie, juu kwa miaka mingi haikurekodi sauti. Chukua Producer, iko karibu dola 200, unalipa mara moja na versio mupya zote unapata bure maisha yako yote. Hapo dola zako 300 zimeanza kupata njia.

RAM 4 si kilio. Kila sintetizere ukiisha kuipanga igeuze kuwa sauti ya WAV, halafu uizime, mashini inapumua. Kama unamikisa panua ile bafa ya karte son (akiba ya sauti yenye mashini inajipatia) mpaka 1024, kuchelewa kidogo hakukuumizi juu haurekodi. Na kuranti unaijua mwenyewe, gusa Ctrl na S kila ukimaliza jambo, mkono ufanye bila kuuliza kichwa.

Sasa tuje ku besi, juu hapo njo iko swali yako ya kweli. Umenipa dalili mbili na kila moja iko na sababu yake.

Mu telefone: bafle ya telefone ni ndogo kama kucha, chini ya hezi 200 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, zikiwa kidogo sauti iko chini) haitoi kitu ya maana. Kiki yako iko ku 50 ama 60, logidramu iko ku 40 mpaka 80 kufuatana na noti, basi telefone inazitupa zote. Lakini wimbo za wengine besi yake unaisikia mu telefone ileile, si ndiyo? Ni juu walizipatia meno. Besi ya hezi 50 ukiiumiza kidogo, yaani saturasio, inazaa watoto ku 100, 150, 200, 250, na sikio la mutu likisikia watoto linajua mama iko wapi ata kama haionekani. Mu FL tia Fruity Blood Overdrive ama Fruity WaveShaper ku logidramu, pandisha mpaka uisikie mu telefone, halafu rudisha nyuma kidogo. Kidogo, nimesema, usiniletee gari bovu.

Mu nganda ni mambo ingine. Sono mingi za nganda za huku zinaunganisha kushoto na kuume pamoja, mono. Kama ulitafuta logidramu ya kupanuka, ukatia korasi (efekti ya kuzidisha sauti moja ikuwe kama nyingi) ama ile kifaa ya kupanua stereo (na nina hakika ulitia, kila kijana anatia, mu kaske inafurahisha), basi wimbi la kushoto linapanda saa ileile la kuume linashuka, ukizijumlisha unapata sufuri. Besi haikupotea, imejiua. Fanya jaribio leo: mu mikisa ya FL kila traki iko na kibatani cha kuzungusha cha stereo, ku masta, ile traki yenye zote zinapitia, kizungushe mpaka pande zote mbili zikuwe moja. Logidramu ikizimika, umemshika mwizi. Toa upana wote ku kiki na ku logidramu, zikae katikati kabisa, upana upatie shekeri, piano, sauti za kuitikia.

Halafu hizo mbili zisigombanie kiti. Amapiano inaenda 110 mpaka 115 kwa dakika, kuna nafasi, acha logidramu ijibu kiki, isianguke juu yake. Fasi zenye zinaanguka pamoja tumia saidicheni: Fruity Limiter ku logidramu, kiki ikipiga logidramu inainama kidogo, inarudi. Na uitune logidramu ku noti za wimbo, juu nusu ya zile nyimbo watu wanasema mikisaje ni mbaya, ni logidramu tu iko mu noti ingine.

Pipa ni hezi 200 mpaka 400, piano, padi, reverbe (mwangwi) na sauti zenu zote zimejaa pale kama taxi-bus ya jioni. Kata sauti za chini ku kila kitu isipokuwa kiki na logidramu, sauti ya mutu kata yote iliyo chini ya 100 hivi, reverbe kata ata chini ya 300. Na kama vitu ni vingi, ondoa kimoja. Sikiliza ile Hugh Tracey, mtafiti wa muziki ya Afrika, alirekodi mupiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 kule Likasi, ikiitwa bado Jadotville: gitaa na sauti, kila kidole unakisikia.

Namna ya kuanza: shusha volimu zote, pandisha kiki mpaka desibeli -10, halafu logidramu, halafu sauti, halafu ngoma zingine, piano mwisho, bila plagini (efekti za kuongeza) ata moja, saa nzima. Masta isipite -6. Weka pembeni wimbo moja iliyomalizika unayoipenda, ishushe volimu mpaka ilingane na yako, juu sikio linapenda yenye kulia nguvu ata kama ni mbaya. Na umikise kwa sauti ya chini, ile unaweza kuongea na mutu juu yake. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio halisikii besi vizuri sauti ikiwa chini, basi kama besi yako inasikika pale chini, mu nganda itatembea yenyewe. Ya LUFS, kipimo cha nguvu ya wimbo mzima, usiumize kichwa, Spotify inalinganisha ku -14, utajali siku ya kutoa.

Bafle za studio, hapana, bado. Chumba cha matofali na mabati bila kitu ku ukuta kinadanganya besi kuliko kaske yako, utalipa dola 200 kusikiliza uwongo. Zile 100 zilizobaki tafuta kaske moja ya kufunga masikio, isiyo ya kuongeza besi, halafu omba dereva wa taxi jirani akuachie gari yake dakika kumi kila juma, usikilize mikisaje yako mu bafle zake.