Mbwa wa jirani akiachwa peke yake: niliyojifunza kwa Simba

Jirani yangu hapa Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda, ni dereva wa lori. Anapakia mzigo, anapita Kampala, Karuma na Gulu hadi mpakani Elegu, kisha anavuka kwenda Juba. Foleni ya mpakani na kungoja kushusha mzigo humweka huko wiki mbili, pengine tatu. Nyumbani kwake hana mtu ila mbwa wake, Simba, dume la rangi ya mchanga ambaye sikio lake moja limekatika ncha. Mwaka jana alinigongea mlango jioni akaniambia, "Dada, naomba uniangalizie huyu. Unga na dagaa wa mukene nimeacha, na wala hana matata." Nikakubali bila kumuuliza swali hata moja. Leo naandika yale ambayo ningemuuliza.

Lori lilipopinda kona, Simba alisimama getini, mkia umeshuka, masikio yameelekea barabarani. Alikaa vile mpaka magharibi. Usiku akaanza kulia. Hakuwa anabweka. Ulikuwa ule mlio mrefu unaopanda na kushuka, ambao wazee wetu wanasema mbwa akilia hivyo kuna mtu atafariki. Majirani wawili walikuja kunitaka nimnyamazishe kabla hajatuletea balaa mtaani. Nikamfungia stoo, nikamwekea posho, yaani ugali, na mukene, nikaenda kulala nikidhani nimemaliza kazi. Asubuhi nilipofungua, mlango ulikuwa umekwanguliwa kwa ndani hadi mbao nyeupe inaonekana, sakafuni kuna dimbwi la mate, na kucha moja ya mguu wa mbele imeng'oka nusu, inatoka damu. Chakula hakikuguswa.

Hapo nikaelewa kwamba mlio wa usiku ule ulikuwa wa msiba kweli, ila msiba wenyewe ulikuwa wake.

Basi jambo la kwanza ninalokuomba ni hili: usimhesabu mbwa mpweke kuwa mkorofi. Tazama uharibifu uko wapi. Mbwa anayecheza hutafuna kiatu popote alipokikuta. Mbwa anayehangaika huukwangua mlango ambao mwenyewe alitokea, hung'ata lango, hutembea njia ile ile huku na huku mpaka anachora kijia kwenye majani, hutoa mate mengi, hujisaidia ndani ingawa amefundishwa. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi katika nusu saa ya kwanza baada ya mtu wake kuondoka, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuwa naye. Mimi nilikuja saa tatu usiku, wakati mambo yameshaharibika.

Na usimpige. Najua wengi wetu tumelelewa hivyo, mbwa akiharibu anachapwa fimbo, kisha tunasema, "Ona anavyoinamisha kichwa, anajua alichokosa." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilichunguza jambo hili, akaona kwamba ile sura ya kujuta huja kwa sababu mwenye mbwa anafoka, hata kama mbwa hakufanya kosa lolote. Simba niliyemkemea asubuhi ile hakujua habari za mlango. Alijua tu kwamba mtu wake hayupo na huyu aliyebaki amekasirika.

Kosa langu la pili lilitokana na wema. Jirani alikuwa ameacha koti lake la kazi kwenye ngazi, zito, linanuka dizeli, jasho na moshi wa sigara. Nikaona aibu liwe pale, nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalianika. Simba alilifuata kambani, akanusa pindo lake, akanusa tena, akaondoka. Sitasahau alivyoondoka. Nilikuwa nimemfutia kitu cha mwisho kilichobaki cha mtu wake.

Baadaye nilisoma kazi ya Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, iliyotolewa mwaka 2015. Waliwafundisha mbwa 12 kulala bila kutikisika ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha ya ubongo, wakawanusisha harufu mbalimbali: ya mtu wa nyumbani, ya mtu mgeni, ya mbwa wanayemjua, ya mbwa wasiyemjua na ya kwao wenyewe. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo zuri iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani, na mtu huyo hakuwepo pale. Siku hizi jirani akisafiri simwachii afue kitu. Ananiachia fulana aliyolala nayo siku tatu, naitia kwenye mfuko wa nailoni ili harufu isipotee, nusu yake naitandika mahali Simba anapolala, nusu nyingine naiweka akiba ya wiki ya pili.

Nirudi kwenye safari ile ya kwanza. Nilichofanya mwishoni kilikuwa kidogo sana. Nilitoa kigoda, nikakaa hatua nne hivi kutoka kwake, nimempa ubavu, nikachambua mchele kwenye ungo. Sikumwita. Sikumtazama machoni. Siku ya kwanza hakugeuka. Siku ya pili aligeuza lile sikio lililokatika kila nilipopeta. Siku ya tatu alikuja taratibu akajilaza, mgongo wake ukagusa mguu wa kigoda, akashusha pumzi ndefu. Nikaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi, kwa kuogopa kuinuka. Jioni ile akala.

Kwa hiyo ukinitaka nichague jambo moja, nitasema ni hilo: kaa karibu, fanya kazi yako, mwachie aje mwenyewe. Kumkumbatia na kumwimbia mbwa asiyekuzoea kunaweza kumtisha, na kunaweza kukupatia jino. Baada ya kukaa naye, kinachofuata kwa uzito ni saa. Jirani yangu akiwepo humlisha saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, humtembeza kabla jua halijachomoza. Nami nafuata hivyo hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla boda boda hazijajaa, tunashuka njia ya Masese, kamba imelegea, na namwachia anuse kila nguzo kwa muda anaoutaka. Zamani nilikuwa namvuta. Sasa naona kunusa ndiyo matembezi yenyewe, na mbwa aliyenusa nusu saa anarudi na kulala.

Wapo watakaoniuliza kuhusu najisi, maana mimi ni Muislamu na mtaani kwetu nimeshaulizwa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunajua mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nalifuata. Simba ana sufuria yake, nami nina kanga kuukuu ya kwendea kwake ambayo naivua kabla ya swala. Lakini dini hiyo hiyo imetusimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Sijaona kinachonizuia kukaa kwenye kigoda.

Redio husaidia, hasa mvua za radi za hapa ziwani zinapoanza usiku. Iweke chini, iwe sauti ya kawaida ya nyumbani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, waliwapigia muziki mbwa waliokuwa kwenye makao ya kutunzia wanyama, wakaona rege na roki laini ndizo zilizowatuliza vizuri zaidi. Simba anapenda taarabu ya mchana, au labda mimi ndiye ninayeipenda na yeye ananisoma.

Kuhusu simu, kuwa mwangalifu. Jirani alinitumia sauti yake kwenye WhatsApp kutoka Elegu, nikaifungua mbele ya Simba nikidhani namfurahisha. Aliruka, akazunguka nyumba mara tatu, akanusa chini ya mlango, akaenda getini na kulia upya kama siku ya kwanza. Sijarudia. Wako mbwa wanaotulia wakisikia sauti. Jaribu mara moja, na ukiona anaanza kutafuta, zima.

Si kila mbwa aliyezubaa ni mpweke. Akikaa siku nzima bila kula na bila kunywa, akitapika, fizi zikiwa nyeupe au mkojo mweusi, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe, na kupe hapa kwetu hawakosekani. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe dawa za kutuliza maumivu za watu, wala vidonge vya mafua ili asinzie. Nilishauriwa hivyo na mtu wa dukani, namshukuru Mungu sikumsikiliza. Na kabla hujapokea mbwa wa mtu, omba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama kadi unayo.

Wewe unayesafiri, kazi yako inaanza wiki mbili kabla. Mlete mlezi nyumbani akae naye ukiwepo. Mbwa wengi huanza kuhangaika wakiona tu funguo na viatu, kwa hiyo vaa viatu vya safari kisha ukae unywe chai. Toka dakika mbili, rudi. Kesho dakika kumi. Siku ya kuondoka usimuage kwa machozi. Jirani yangu alikuwa akipiga magoti na kumshika uso kwa muda mrefu, na nilimwambia wazi, "Kaka, unamwambia kuna hatari." Sasa anampa mfupa, anapanda lori.

Huko Gulu, njia anayopita yeye, yuko Francis Okello Oloya, aliyepofuka utotoni kwa bomu lililofukiwa ardhini. Akiwa shuleni, mbwa walikuwa wakimsindikiza usiku kwenda chooni. Ukubwani akaanzisha mradi wa kuwapa mbwa watu walioumizwa moyo na vita vya kaskazini, ili wapate wa kukaa naye. Namfikiria kila ninapotoa kigoda changu, kwa kuwa kinachowaponya watu wale ni kile kile anachokikosa Simba lori likiondoka.

Mtu wake akirudi, usiharakishe kuondoka, ila pia usijipange katikati yao. Simba siku hiyo humfuata hadi bafuni na kulala kizingitini. Jirani amejifunza kutopanga safari nyingine ndani ya siku mbili za kwanza, na siku hizo mimi bado napita saa kumi na mbili asubuhi, tunashuka Masese watatu.