Promethazini usiku, bodaboda alfajiri

Pole kaka, mwasho unaokunyima usingizi ni mateso. Unasema umeandikiwa promethazini, dawa ya mzio, miligramu 25 kila usiku, na saa 11 alfajiri uko barabarani na bodaboda. Hapo ndipo penye hatari: dawa hii huweza kukuachia usingizi mpaka asubuhi, hata ukijiona mzima. Rudi kwa daktari umweleze kazi yako. Huenda akakubadilishia setirizini au loratadini, ambazo hazileti usingizi sana. Kabla ya hapo, usiendeshe ukiwa umemeza promethazini jana usiku. Pombe weka kando kabisa, na usijiongezee Piriton, ni kundi lilelile. Una presha ya macho au tezi dume? Mwambie pia. Uso ukivimba au pumzi ikibana, kimbilia hospitali.

Na watoto wasipewe dawa yako.